Folda Isiyokuwamo Kwenye Daftari

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, Ayaa alifunga mlango wa studio, akatoa daftari lake jeusi na kuanza ukaguzi. Neno hilo hakulipata shuleni. Alizaliwa layini za polisi, zile nyumba za safu za askari, hapo Nsambya, katika chumba kimoja chenye pazia katikati, na baba yake, Sajenti Ocira, alikuwa mtu wa kupitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi marehemu alikagua vyumba vya layini akianza na chake, akisimama mlangoni na karatasi mkononi: sufuria tatu, blanketi mbili, viti vinne, redio moja. Kilichoandikwa kwenye karatasi kilibaki ndani. Kisichoandikwa kilitoka nje, na kikishatoka hakuna aliyekiona tena, kiwe kuku, kiwe mkeka wa mgeni, kiwe mwanasesere wa matambara. Watoto wengine wa layini walikua, wakahama, wakasahau mambo hayo. Ayaa alikua akanunua daftari.

Alikuwa fundi wa sauti, tena mzuri, hata waliomchukia kwa ukali wake walikubali hilo. Kazi hiyo huendeshwa na plagini, viprogramu vidogo vinavyochomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Kimoja huondoa mlio wa feni, kingine humpa mwimbaji wa chumba kidogo mwangwi wa kanisa kubwa, na kipo kinachochukua sauti yoyote uliyorekodi na kuigeuza kinanda unachoweza kukipiga kwa vidole. Mafundi wa Kampala hupeana plagini kwa flashi kama majirani wanavyopeana mbegu za maharage, na kabla mwaka haujaisha kompyuta imejaa vurugu: plagini ileile mara tatu katika folda tatu, matoleo ya zamani yakigombana na mapya, vitu vya majaribio vilivyokufa zamani. Bashir, mwenzake wa studio, aliishi na vurugu hiyo na alilala usingizi mzuri tu. Ayaa hakuweza. Katika daftari lake kila folda ya plagini ilikuwa na mstari wake, jina, toleo na tarehe ya kuingia. Folda isiyo na mstari ilifutwa, tena kwa ile njia ya vidole viwili isiyopitia kapu la taka. Kapu la taka, alikuwa akimwambia Bashir, ni la watu wasiojua wanachotaka.

Hata bakapu, nakala yake ya akiba, aliipanga kwa tabia hiyohiyo. Diski ya nje ilikuwa kama kioo ambamo kompyuta ilijitazama: kilichoongezwa huku kiliongezwa kule, na kilichofutwa huku kilifutwa kule. Bashir aliwahi kumuuliza, "Sasa dada, kama umefuta kwa makosa, hiyo bakapu inasaidia nini?" Ayaa alimkazia macho mpaka mwenzake akakumbuka kwamba alitaka kwenda kununua chai.

Jumamosi hii alikuwa na sababu ya kutaka kompyuta iwe safi. Mama yake, Alum, alikuwa amelazwa hospitalini, na Jumatatu saa mbili asubuhi madaktari wangemwondoa koromeo lote pamoja na uvimbe uliomea humo. Walikuwa na matumaini kwamba angepona. Kuhusu kusema hawakuwa na matumaini yoyote, na walimweleza hivyo mapema, bila kuzunguka.

Ndiyo maana tangu mwanzo wa mwezi huu Ayaa alikuwa akimleta studioni karibu kila alasiri, akimkalisha mbele ya maikrofoni na kumrekodi neno moja moja. Maji. Chakula. Funga mlango. Nataka kulala. Njoo hapa. Walifanya hesabu, siku za wiki, majina ya wajukuu wote tisa, salamu za Kiswahili, za Kiacholi na za Kiganda. Walirekodi vicheko na miguno, na ile "mh!" ya Alum ya kukataa kitu bila kukikataa. Vilikuwa vipande elfu moja mia tatu na kumi na viwili, na Ayaa alivikata mwenyewe kimoja kimoja, akavipanga ndani ya ile plagini ya kugeuza sauti kuwa kinanda. Baadaye angevihamishia kwenye simu, kila kipande na kitufe chake. Mama akiamka bila koromeo angebonyeza, na sauti ya kutoka ingekuwa yake, yenye mkwaruzo wake na uvivu wake wa mwisho wa sentensi.

Tena isingewezekana kurekodi upya. Jumatano uvimbe ulikuwa umeziba njia ya hewa, madaktari wakamtoboa shingoni na kumwekea bomba la kupumulia, na tangu hapo Alum aliandika alichotaka kwenye daftari la shule. Sauti yake ilikuwa ndani ya kompyuta ile, na kwenye kioo chake.

Asubuhi hiyo Ayaa alifuta folda kumi na tisa. Ya kumi na nne iliitwa Bila Jina 7. Ndilo jina ambalo programu hukipa chochote usichokipa jina wewe mwenyewe. Aliteremsha kidole kwenye kurasa za daftari, akakuta haimo. Hakuifungua kuangalia kilichomo. Baba yake hakuwahi kufungua mfuko wa mtu kabla ya kuutupa. Akabonyeza kwa vidole viwili, akaendelea na ya kumi na tano. Alipomaliza alichomeka diski ya nje, na kioo kikafanya kazi yake kwa dakika nne. Akajisikia mwepesi, kama alivyojisikia kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Saa sita kasoro alifungua kazi ya mama ili aanze kuihamishia kwenye simu. Kinanda kilitokea kwenye skrini, vitufe vyote mahali pake. Juu yake kikatokea kisanduku cha kijivu: vipande 1312 havikupatikana.

Hakushtuka mara moja. Alidhani ni njia tu imepotea, jambo la kila siku. Akaiagiza programu itafute. Ikatafuta kompyuta nzima, ikarudi na maneno yaleyale. Alibonyeza kitufe cha kwanza cha kinanda, kile cha "maji", na hakikutoa kitu. Akabonyeza cha pili, cha kumi, cha mia. Alipiga kinanda kizima kwa viganja vyote viwili, na chumba kikabaki na mlio wa feni tu.

Hapo ndipo alipokumbuka siku ya kwanza. Mama alikuwa amesema "maji", sauti ikamkatika katikati, na Ayaa akatokwa na machozi asiyotaka yaonekane. Programu iliuliza, sauti hizi ziwekwe kwenye folda yenye jina gani? Kwa haraka ya kujifuta macho alibonyeza sawa bila kuandika kitu. Aliahidi moyoni kuipa jina kesho yake na kuiingiza daftarini. Kesho yake walirekodi hesabu.

Hofu ilimpanda kutoka miguuni. Akajikuta amesimama na kiti kimeanguka nyuma yake. Alichomeka diski ya nje, akakosea tundu mara mbili. Folda ya plagini ilikuwa kule, imepangwa vizuri, safi, kama daftari lilivyotaka. Bila Jina 7 haikuwamo. Alifungua kapu la taka huku akijua. Lilikuwa tupu, kama lilivyokuwa miaka yote.

Mlango ulibishwa. Alikuwa Hajati Mwanawetu, mama yake Bashir, mwenye duka la vitambaa lililo mbele ya studio. Duka hilo lilikuwa limeegemea ukuta wa layini tangu enzi za babu yake, na Ayaa alilijua tangu akiwa mtoto wa kutumwa sindano. Hajati alikuwa ameshika kikombe cha chai ya tangawizi.

"Nimesikia kishindo, mwanangu. Kuna salama?"

"Kiti tu kimeanguka, Hajati."

"Na uso je, nao umeanguka?"

"Kompyuta inasumbua."

"Ah, hayo ya kwenu siyawezi." Hajati aliweka chai juu ya spika, mahali ambapo siku nyingine angekemewa. "Mwenyezi Mungu atafungua. Mama yako nitamwona kesho, inshallah."

Mlango ulipofungwa Ayaa alitaka kumpigia Bashir, akasita. Mara ngapi amemwita mchafu? Mara ngapi amemwambia kwamba siku moja atapoteza kazi ya mtu kwa uzembe? Alishika simu dakika nzima kwa aibu tupu kabla ya kupiga. Bashir alikuwa Kyambogo akiendesha spika za harusi. Simu iliita mpaka ikakata, akapiga tena, ikakata tena. Akampigia Heritier.

Heritier alikuwa Mkongo, na alikuwa na kibanda Bwaise cha kufufua kompyuta zilizokunywa maji ya mafuriko. Kulikuwa na watu waliosema anafufua hata zilizokwisha kuzikwa.

"Ssebo, bwana, njoo haraka, mimi nakufa," Ayaa alisema. "Nimefuta kitu."

"Dada, sikia muzuri. Usiandike kitu mule, usifungule kitu, usizime. Kila kitu utaandika itapanda juu ya ile ilifutika. Usiguse hata panya. Niko nakuya."

Kusubiri bila kugusa kitu ni adhabu kwa mtu wa aina ya Ayaa. Alikaa juu ya mikono yake mwenyewe. Kompyuta ilikuwa ikinguruma polepole, taa yake ndogo ikiwaka na kuzima, na kila ilipowaka alijua kwamba humo ndani kuna kitu kinaandikwa, pengine juu ya "njoo hapa", pengine juu ya jina la mtoto wake. Alitaka kuchomoa waya, akaogopa. Akaogopa pia kuuacha. Alimwona mama yake Jumatatu jioni, amefumbua macho, ameshika simu kwa mikono miwili, anabonyeza, na simu haisemi kitu.

Heritier aliingia na kofia ya bodaboda bado kichwani. Alichomeka flashi yake, akawasha programu ya kuchimbua, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini. Asilimia kumi. Asilimia thelathini. Kwenye sitini na nane umeme ulikatika.

Feni ilisimama. Betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia, pi, pi, pi. Ilikuwa betri nzee, na Ayaa alijua umri wake kwa sababu ulikuwa daftarini.

"Inakaa dakika ngapi?" Heritier aliuliza.

"Kumi. Kama imependa."

Walipiga magoti mbele ya skrini kama watu wanaomwangalia mgonjwa. Themanini. Themanini na sita. Mlio wa betri uliongeza kasi, na Ayaa alikuwa akiomba kwa sauti bila kujua anaomba kwa lugha gani. Tisini na tisa. Heritier alinakili alichokipata kwenye flashi yake na kuichomoa, na baada ya dakika moja kompyuta ikazimika yenyewe.

Walifungua flashi kwenye laptopu ya Heritier. Mafaili mia mbili na kumi na moja, hakuna lenye jina. La kwanza lilikuwa picha ya kitufe cha plagini fulani. Mengi yalitoa mlio wa redio isiyo na stesheni. Walisikiliza moja baada ya jingine, na kwenye la hamsini na kitu ilitoka sauti ya Alum.

"Ma," ilisema. Kisha ikapigwa kwikwi, ma, ma, ma, ikapanda juu ikawa mluzi mkali usiokuwa wa mtu wala wa mnyama. Ayaa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Maisha yake yote hakuwahi kuogopa sauti, na hii alitaka kuikimbia.

Heritier alifunga laptopu taratibu. "Dada, hii diski yako ni ya kisasa. Ukifuta, yenyewe inajipanguza. Minaweza kuipeleka kule kwetu nijaribu tena, lakini sitaki kukudanganya. Ile ilibakia ni makombo."

"Jaribu tu."

"Nitajaribu." Alikunja nyaya zake bila kumwangalia usoni. "Ilikuwa sauti ya nani?"

Ayaa alimwambia. Heritier alivua kofia, akaondoka ameishika mkononi pamoja na ile diski.

Saa kumi alipanda kilima kwa miguu kwenda hospitalini. Angeweza kusubiri mpaka Jumatatu ipite, na ukweli ni kwamba alilifikiria hilo njia nzima. Mgonjwa wa kupasuliwa haambiwi habari mbaya, kila mtu anajua hivyo. Lakini mama angemuuliza. Kila siku alikuwa akiandika swali lilelile, simu yangu iko tayari? Na Ayaa hakujua kumdanganya mtu anayeuliza kwa maandishi.

Mlangoni pa wodi muuguzi wa Kiganda alimzuia kwa adabu. "Saa ya kuona wagonjwa bado kidogo, nnyabo. Subili hapo kwa benchi."

Alikaa kwenye benchi. Alijikuta anamkumbuka baba mlangoni na karatasi yake. Zaidi ya baba, alimkumbuka mama siku zile, amesimama kando ya kitanda, mikono nyuma, macho yamekwama kwenye uso wa mumewe kuona utageuka wapi. Ayaa alikuwa akiamini mama alisimama hivyo kwa heshima.

Alum alikuwa ameegemea mito, shingo imefungwa bendeji nyeupe, bomba likitoa mlio mdogo kwa kila pumzi. Alitabasamu. Kisha akauona uso wa binti yake, na tabasamu likaondoka.

Ayaa alisimama mguuni mwa kitanda. Kiswahili cha layini ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yao. Sajenti alikuwa akisema nyumba ya serikali ina lugha ya serikali.

"Mama, mimi nimefuta sauti yako," alisema. "Yote. Leo asubuhi. Ilikuwa haina jina kwa kitabu, nikafuta. Bakapu nayo ikafuta. Fundi amekuja, ameshindwa." Akataka kuongeza samahani, akabaki anatazama shuka.

Kalamu ilikwaruza karatasi kwa muda. Alum aligeuza daftari lake la shule ili Ayaa asome.

Leo ni Jumamosi ya mwisho, lilisema. Mimi nimehesabu siku.

Chini yake akaandika tena, polepole, kwa zile herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: Kitu iko kwa Hajati. Kopo ya uzi. Mwambie Alum anataka mzigo yake.

Ayaa alisoma mara tatu. Aliuliza kitu gani, mama akamfukuza kwa mkono, nenda, nenda, huku macho yakiwa bado usoni mwake, yakingoja kuona utageuka wapi.

Alishuka kilima mbio, mama mzima wa watoto watatu, viatu mkononi. Hajati Mwanawetu alikuwa akikunja vitambaa ili afunge duka. Aliposikia neno mzigo hakuuliza lolote. Alipiga goti chini ya meza ya kukatia, akavuta kopo kubwa la biskuti lililojaa nyuzi, akaingiza mkono mpaka kiwikoni. Alitoa kifurushi cha kitambaa cha khanga, kimefungwa mafundo mawili.

"Bashir alikuja na mama yako Jumanne. Mama akasema niweke pa zamani," Hajati alisema. "Mimi sikuuliza ni nini. Miaka ile sikuuliza, nije niulize uzeeni?"

"Pa zamani?"

Hajati alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani hujui? Siku ya ukaguzi wa baba yako, alfajiri, wanawake wa layini walijaa hapa kama kuna msiba. Kila mmoja na kifurushi chake. Na mama yako alikuwa wa kwanza. Ameficha kuku hapa. Ameficha mdogo wake wa kutoka Gulu, aliyekuja bila ruhusa. Hata wewe nimekuficha hapa, ulipokuwa na surua. Wiki nzima chini ya meza hii. Sajenti hakutaka mgonjwa wa kuambukiza layini, naye alitaka mfano uanzie nyumbani kwake."

Ayaa alijaribu kufungua mafundo, yakagoma. Hajati akayafungua kwa meno. Ndani kulikuwa na flashi ndogo nyekundu, ya Bashir, yenye alama za kutafunwa pembeni. Mara ngapi alimwambia aitupe.

Umeme ulikuwa umerudi, ila kompyuta ya studio haikuwa na diski. Aliichomeka flashi kwenye redio ya Hajati, ile ya dukani yenye tundu la flashi, wakasimama wote wawili juu yake.

"Maji," alisema Alum, na sauti ikamkatika katikati, vilevile kama siku ile.

Ayaa alishika meza. Alibonyeza mbele. Chakula. Funga mlango. Moja, mbili, tatu, nne. Majina ya wajukuu, yote tisa. "Mh!" Alikuwa analia na kucheka, na Hajati alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti ya kuwafanya wapita njia wasimame. Lakini mtu wa ukaguzi ni mtu wa ukaguzi. Katikati ya machozi hayo Ayaa aliangalia namba kwenye kioo kidogo cha redio. Vipande vilikuwa elfu moja mia tatu na kumi na vitatu.

Alikwenda kwenye cha mwisho. Jumanne yeye alikuwa hospitalini akishughulikia kitanda cha mama, na Bashir ndiye aliyemalizia kurekodi. Kwanza ilisikika mikwaruzo ya kiti, halafu mama yake, kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo.

"Wewe Bashir, hii yote weka mahali ingine. Weka kwa flashi, tupeleke kwa mama yako. Usimwambie Ayaa."

"Mama, bakapu iko. Dada anaiangalia kila siku."

"Hapana. Wewe hajui. Yule ni baba yake kabisa. Jumamosi ikifika, kitu haina jina kwa kitabu, yeye natupa. Mimi nimekaa na hiyo mambo miaka ishirini na sita. Mzee nilimpenda, na nilimwogopa. Sasa nampenda huyu, na huyu pia namwogopa. Nafanya nini?"

"Mama, maiki bado inarekodi."

"Wacha irekodi."

Redio ikanyamaza, kisha ikajirudisha mwanzo yenyewe. Maji, alisema Alum. Hajati aliizima. Alianza kukunja kitambaa alichokuwa amekwisha kukikunja.

Ayaa alibaki pale mezani. Ile hofu ya asubuhi ilikuwa imekwisha, na mahali pake palikuja nyingine, ya kujiona. Aliwaona watoto wake watatu wanavyonyamaza akiingia. Alimwona Bashir na chai zake. Aliuona uso wa mama kule wodini, na jinsi ulivyokuwa ukiusoma wake. Alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda, mahali hasa pa kusimama mkaguzi.

Jioni ile Bashir alirudi kutoka Kyambogo, akaona simu mbili za Ayaa ambazo hakuzipokea, akaja mbio. Ayaa hakumkemea hata kidogo, na hilo lilimtisha kijana wa watu kuliko kukemewa. Walifungua laptopu yake iliyojaa uchafu, wakanakili vipande vyote, wakavipanga kwenye simu ya Alum, kitufe baada ya kitufe. Mwishowe Ayaa aliifunga flashi nyekundu ndani ya kile kitambaa, mafundo mawili, akaenda kubisha nyumbani kwa Hajati.

"Irudishe pa zamani," alisema. "Usinipe, hata nikikuomba. Jumamosi ndiyo usinifungulie kabisa."

Jumapili baada ya misa alikuwa wodini. Safari hii hakusimama mguuni mwa kitanda. Alivuta kiti mpaka ubavuni, akampa mama simu, akamwonyesha vitufe: huku chakula, huku watoto, huku salamu. Alum alibonyeza "maji", akasikia, akafumba macho kidogo. Kisha akachukua kalamu.

Umesikia yote? aliandika.

"Yote."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Alum alimtazama usoni, akingoja. Ayaa aliyatambua macho yale sasa, na moyo ulimuuma hasa, akatamani kuangalia dirishani. Hakuangalia dirishani.

"Ile ya mwisho nayo nimeiweka, mama. Iko hapa chini, hiki kitufe nyekundu. Siku mimi nakutisha, wewe bonyeza tu. Hata kama watu wako."

Alum aliangalia kitufe chekundu kwa muda mrefu, kidole kikiwa juu yake bila kukigusa. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, na bomba shingoni lilipiga mluzi kwa kila kicheko, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Alipotulia alichukua ile simu, akaichomeka chini ya mto, ndani kabisa, akapapasa kuhakikisha haionekani. Kisha akajisogeza ili Ayaa apate mahali pa kuegemeza kichwa.